Kuku Mweupe na Uso Uliokwenda Upande

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!

Haya, sogeeni. Leo uongo ni mmoja tu, nami nauungama mapema: msichana. Yeye, mama yake, bibi yake na wote wanaowazunguka nimewatunga, ndiyo maana sikuwapa majina. Lakini kilichompata usoni sikukitunga. Katika nchi ambako wagonjwa wamehesabiwa vizuri, kwa mwaka kinawapata watu kati ya 15 na 30 katika kila watu 100,000, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo. Msichana wetu kwao nimempa Nyantakara, huku Kagera, pande za Biharamulo na Ngara. Mwezi nimechagua Juni, maharage yamekauka na watu wanapura. Mnalijua vumbi la maharage. Vumbi hilo, na punje zenyewe, vitakuwa na kazi katika hadithi hii.

Alikuwa na miaka 17, yuko kidato cha tatu. Usiku alilala mzima, isipokuwa maumivu kidogo nyuma ya sikio la kushoto ambayo aliyapuuza. Asubuhi akachota maji, akasukutua, na maji yakamtoka pembeni mwa mdomo yakalowesha kanga. Akajaribu tena. Yakatoka tena. Mdogo wake alikuwa hapo anapiga mswaki, akacheka akidhani dada anamfanyia mchezo. Kisha akamtazama vizuri, akaacha kucheka, akakimbilia ndani.

"Mama! Dada uso umekwenda upande!"

Kwenye kioo aliona watu wawili wamegawana sura moja. Upande wa kulia ulikuwa yeye. Upande wa kushoto ulikuwa umelegea, paji la uso laini kama yai, shavu limeshuka, jicho limekodoa halitaki kufumba. Mdomo ulikuwa umevutwa kulia. Hapo wengi hukosea, hata watu wazima: hudhani upande uliovutwa ndio mgonjwa. Kumbe upande ule ni mzima, unavuta peke yake kama mtu aliyeachiwa kamba na mwenzake.

Majirani hawakuchelewa. Mmoja akasema ni kibao cha jini. Wa pili akasema upepo wa usiku, amelala dirisha wazi. Wa tatu akanong'ona kiharusi. Bibi, ambaye nampenda na sitaki mtu amcheke, akamshika msichana kidevu na kumwambia, "Fumba macho, mjukuu wangu." Msichana akafumba. Jicho la kulia likafungika. La kushoto likabaki wazi, na kiini chake kikapanda juu kikajificha, ukabaki weupe mtupu unamtazama bibi. Bibi akarudi hatua mbili.

"Huyu kachezewa," akasema. "Nitafutieni kuku mweupe."

Mama hakujibu. Alikuwa ameshampigia simu kijana wa bodaboda.

Kabla hatujapanda nao pikipiki, kila mmoja wenu ainue mkono wa kushoto. Weka kifundo cha mkono mbele kidogo ya sikio la kushoto, halafu tandaza vidole usoni. Dole gumba lielekee paji la uso, kidole cha pili kipite karibu na jicho, cha tatu shavuni, cha nne kidevuni, na kidole cha mwisho kiteremke shingoni. Mmeuona? Hivyo ndivyo mshipa wa fahamu wa uso unavyogawanyika, matawi matano. Ubongo una jozi 12 za mishipa ya namna hiyo, na hii ni jozi ya saba, mmoja kushoto na mmoja kulia. Ukicheka, ukinuna, ukipiga mluzi, ukikonyeza, amri imepita humo.

Sasa kabla ya kufika hapo kwenye kifundo cha mkono wako, mshipa hupita ndani ya mfupa, nyuma ya sikio, katika kinjia chembamba. Mahali pake pembamba kabisa hapafiki milimita 1. Nyinyi mmewahi kuchunga, mnajua ng'ombe wanavyobanana kwenye mlango wa zizi. Mlango wa miti hutanuka kidogo. Mfupa hautanuki. Mshipa ukivimba mle ndani unajibana wenyewe, damu inapita kwa shida, na amri za ubongo zinakwama njiani. Misuli ya uso haijafa na ubongo hauna tatizo. Kilichokatika ni mawasiliano.

Nini kinauvimbisha? Anayeshukiwa zaidi ni kirusi kile kinacholeta vipele vya maji pembeni mwa mdomo baada ya homa. Wengi wetu tunacho tangu utotoni, kimelala. Siku moja kinaamka. Wajawazito wa miezi ya mwisho na wenye kisukari hupatwa zaidi kuliko wengine. Upepo wa dirishani hauna hatia, ingawa najua mtaendelea kuambiwa mfunge dirisha.

Mshipa huo hauendeshi misuli tu. Unabeba ladha kutoka sehemu ya mbele ya ulimi, unaamuru machozi, tena unashika kimsuli kidogo sana ndani ya sikio kinachopunguza makali ya sauti. Ndiyo maana asubuhi ile mfuniko wa sufuria ulipoanguka jikoni, msichana aliruka kama aliyesikia radi. Ndiyo maana ndizi mbivu aliyopewa njiani aliiona kama karatasi upande mmoja wa ulimi. Hakumwambia mtu. Aliogopa wataongeza kuku wa pili.

Zahanati walimkuta tabibu, naye hakuanza na mdomo. Alimwambia, "Kunja paji la uso, kama mtu aliyeulizwa hesabu ngumu."

Upande wa kulia ukakunjika mistari. Wa kushoto ukabaki yai.

Tabibu akashusha pumzi, kwani paji la uso lina siri yake. Kila upande wa paji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kama shamba linalonyweshwa na mito miwili. Kiharusi kikikausha mto mmoja, mdomo unaweza kwenda upande lakini paji kwa kawaida bado linakunjika, kwa sababu mto wa pili upo. Hapa paji lilikuwa limenyamaza kabisa, maana yake mito ilikuwa salama na kilichoziba ni mfereji wa mwisho unaoingia shambani. Hata hivyo akamwambia anyanyue mikono yote miwili, atembee, aseme jina la kijiji chake. Nyinyi msijifanye matabibu kwa kanuni hii. Mtu ambaye mdomo umekwenda upande na mkono umelegea, au maneno yanamtoka hovyo, ni wa hospitali saa ile ile, bila mjadala wa paji.

Akamchungulia sikioni pia. Sikio likioza ndani, usaha unaweza kuudhuru mshipa huu, na kwa watoto jambo hilo si geni. Alitafuta na malengelenge. Kirusi cha tetekuwanga kikiamka baadaye maishani huleta mkanda wa jeshi, na mkanda ukitokea sikioni unaweza kuulaza uso, mara nyingi kwa ukali zaidi. Mwanamuziki Justin Bieber wa Kanada yalimpata hayo Juni 2022, akajionyesha kwenye video nusu ya uso haicheki, na maonyesho yake yakaahirishwa. Msichana wetu hakuwa na malengelenge. Akapimwa shinikizo la damu, sukari, malaria, na kwa ridhaa yake VVU pia, kwa kuwa katika nchi za Afrika imejulikana kwa miaka mingi kwamba uso kulala ghafla unaweza kuwa dalili ya mapema ya maambukizi hayo. Vipimo vyote vikawa salama.

"Ulianza lini?" tabibu akauliza.

"Leo asubuhi."

"Basi mmewahi."

Alichomaanisha ni saa 72. Kuna vidonge viitwavyo prednisoloni vinavyopunguza uvimbe, na faida yake imeonekana kwa wale walioanza kuvimeza ndani ya siku tatu tangu uso ulale. Akamwandikia vya siku 10. Si dawa ya kujinunulia dukani. Inapandisha sukari, na mwenye maambukizi yaliyojificha inaweza kumwamshia, kwa hiyo lazima mtu aliyesomea akutazame kwanza.

Lakini kilichompa tabibu wasiwasi kuliko mdomo ni jicho. Mdomo uliokwenda upande unaaibisha. Jicho lisilofumba linaweza kupofuka. Kupepesa ndiko kunakolilowesha na kulifagia, kama mwanamke anayefagia ua kila mara. Msichana wetu anarudi kwenye nyumba ambayo uani wanapura maharage! Kioo cha jicho kikikauka kinachubuka, kidonda kinaingia, kovu linabaki, na uso ukija kupona jicho halirudi. Akapewa matone ya kulilowesha mchana kila mara na mafuta ya jicho ya usiku. Akafundishwa kulifumba kwa kidole, kisha kulibandika plasta nyembamba kutoka kope hadi shavuni kabla ya kulala, akihakikisha limefungika kweli ili pamba au kitambaa kisilikwaruze. Mchana miwani, na mbali na vumbi. Maji ya majani jichoni hapana. Maziwa ya mama hapana. Kanga ya kufuta futa hapana.

Na ule weupe uliomrudisha bibi nyuma? Hata wewe una weupe huo. Ukifumba macho, viini vyako kwa kawaida hupanda juu. Hatuoni kwa sababu kope zimefunika. Aliyeueleza ulimwenguni ni daktari Mskochi, Charles Bell, aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1774, na ugonjwa wenyewe katika vitabu vingi unaitwa kwa jina lake. Bell alikuwa mpasuaji na mchoraji, mtu wa kutazama nyuso. Aliwahudumia na kuwachora majeruhi wa vita vya Waterloo mwaka 1815. Mwaka 1821 alisoma mbele ya wanasayansi wa London matokeo ya jaribio lake: alikata mshipa wa uso wa punda upande mmoja, na tundu la pua la upande ule likaacha kutanuka. Namhurumia punda yule hadi leo. Ila Bell hakuwa wa kwanza kuuona ugonjwa. Al-Razi, tabibu wa Uajemi aliyefariki mwaka 925, alikwisha kuuandika yapata miaka 900 kabla yake, na Waarabu huuita laqwa.

Turudi nyumbani. Siku ya nne, mama akiwa shambani, bibi alimpeleka mjukuu kwa mganga. Kuku mweupe alikwenda. Msichana alipakwa majivu shavuni. Mganga alitaka kumchanja chale, msichana akakataa, na katika mambo yote aliyofanya mwezi ule hilo nalihesabu la kijasiri kuliko yote. Mganga akasema sawa, kuku ametosha, uso utarudi kabla mwezi haujaandama mara mbili.

Kisha kukaanza kungoja, na kungoja ndiyo sehemu ndefu ya ugonjwa huu. Kula kulikuwa kazi. Ugali ulijificha kati ya shavu na fizi, akalazimika kuutoa kwa kidole, kwa hiyo akaanza kula peke yake nyuma ya nyumba. Uji aliunywa kwa mrija. Herufi zinazotaka midomo ikutane, b na p na m, zilivuja upepo. Jaribu kusema "Biharamulo" huku umeshika kona moja ya mdomo, utaona. "Shikamoo" yake ilitoka imechechemea, na mzee mmoja njiani akadhani binti anamkejeli.

Shuleni palikuwa pagumu zaidi. Mwalimu mpya alidhani ana maringo, kwa sababu hatabasamu akisifiwa. Wavulana wawili walimwigiza. Siku ya kupigwa picha za kitambulisho alijificha chooni mpaka mpiga picha akaondoka. Aliyemtoa huko ni rafiki yake wa dawati moja, ambaye hakuja na pole ndefu. Alimuuliza tu, "Inauma?" Msichana akasema hapana. "Basi nikae upande upi unisikie vizuri?" Kuanzia siku hiyo waliketi hivyo, na rafiki akawa anamkumbusha matone kila kipindi kikiisha. Ukiwa na mwenzako wa namna hii, mwangalie usoni unapoongea naye. Anajua kwamba uso wake umepinda, huna haja ya kumwambia, wala ya kutazama ukutani.

Siku ya 19, mbele ya kioo, kona ya kushoto ya mdomo ilitikisika. Kidogo tu, kama maji mdudu akitua. Wiki iliyofuata kope ikashuka nusu. Ndizi ikawa na ladha tena. Mwezi wa pili alipuliza mshumaa ukazimika. Mwezi wa tatu ulipokwisha, mgeni asingejua. Si wote wanaofika huko upesi. Kwa wachache nyuzi za mshipa huumia hasa, zikaota upya kwa mwendo wa milimita 1 hivi kwa siku, na nyingine hupotea njia: uzi uliokuwa wa mdomo unaingia jichoni, mtu akicheka jicho linafumba. Wengine hutoka machozi wanapokula, madaktari wanayaita machozi ya mamba. Hao husaidiwa na mazoezi ya taratibu mbele ya kioo. Ikipita miezi mitatu bila hata dalili ya kutikisika, ni rufaa, na kwa watu wa Kanda ya Ziwa maana yake ni Bugando, Mwanza, kutafuta kama kuna sababu nyingine iliyojificha.

Jioni moja baada ya hayo yote, bibi alikuwa anachambua maharage ya kupika. Akamtazama mjukuu, akatabasamu. "Mnaona kazi ya kuku wangu?"

Mama akasema, "Kuku? Vidonge!"

Hapo msichana akaomba apewe punje 100. Alikuwa amemuuliza tabibu maswali mengi siku ya mwisho, na tabibu, kwa bahati, alikuwa mtu wa kujibu. Akazimwaga kwenye ungo.

"Huko Uskochi," akasema, "waliwachukua wagonjwa 551 wa miaka 16 na zaidi, wote wamewahi ndani ya saa 72. Wakawagawa kwa kura. Wengine walipewa prednisoloni, wengine vidonge vinavyofanana navyo lakini havina dawa ndani, na hakuna aliyejua amepata vipi. Matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Wasiopata prednisoloni," akasogeza punje 82 upande mmoja, "walipona kabisa hawa ndani ya miezi tisa."

"Bila dawa?" bibi akauliza.

"Bila prednisoloni, bibi. Na kule Denmark daktari mmoja aliwafuatilia wagonjwa 1,701 kwa miaka 25, hakuwapa chochote. Watu 71 katika kila 100 walirudi kama walivyokuwa, na wengi sana walianza kutikisika ndani ya wiki tatu."

Mama akanyamaza. Msichana akasogeza punje nyingine 12. "Hawa ndio nyongeza ya vidonge. Waliovipata walipona 94." Zikabaki punje 6 katikati ya ungo. "Na hawa hawakurudi sawasawa hata kwa vidonge."

"Na wewe ni punje ipi?"

"Hakuna anayejua, bibi. Huenda mimi ni wa hizi 82, ningepona hata kama tungekaa tu. Huenda ni wa hizi 12. Ndiyo sababu mama hakukosea kukimbia: asubuhi ile hatukujua."

Mimi msimulizi naingilia hapa kidogo. Mchezaji filamu Angelina Jolie, yule aliyekuja mwaka 2003 kuwatazama wakimbizi wa Kongo katika kambi za magharibi mwa Tanzania, uso wake ulilala hivi hivi, na mwaka 2017 alisema amepona akishukuru tiba ya sindano ya Wachina. Sina ugomvi naye. Ila ugonjwa unaopona wenyewe kwa watu wengi namna hii humpa sifa kila aliyeugusa: mwenye sindano, mwenye majani, mwenye dua, na hata tabibu. Pande za Australia na New Zealand waliwajaribu watoto 187 kwa kura vilevile, matokeo yakatoka mwaka 2022, na baada ya miezi sita karibu wote walikuwa wamepona, wenye prednisoloni na wasio nayo. Kwa hiyo nyinyi wadogo mkipelekwa hospitali msishangae mkirudi bila vidonge hivyo. Mmepelekwa ili masikio yatazamwe, kiharusi na malaria viondolewe mashaka, na jicho lilindwe.

Bibi alizitazama zile punje muda mrefu. Akaigusa moja ya zile sita, akaiweka pembeni taratibu.

"Na kuku wangu yuko wapi hapa?"

"Kuku hajapigiwa kura, bibi. Hakuna aliyemjaribu."

"Mganga alimla."

"Alimla," msichana akakubali.

Bibi akazikusanya punje zote 100, hata ile ya pembeni, akazimimina chunguni. Usiku ule walikula maharage, na msichana aliketi na wenzake.

Hadithi yangu imeishia hapo.